Alama ya Kuuliza Mbele ya Jina la Wilf

Nianze na barua, maana barua ndiyo iliyonipandisha mori. Ilikuja Jumatatu, karatasi nzito yenye nembo ya Chama cha Vipepeo cha kaunti yetu. Nilikuwa mlangoni na bakuli la njegere kwapani, nikaichana kwa kidole gumba nikaisoma pale pale. "Mpendwa Bibi Tranter." Ala! Aubrey Pennock, mweka rekodi wa kaunti, mtu aliyekula mezani kwangu kila Jumapili kwa miaka minne, aliyeniita shemeji asubuhi na jioni wakati hana hata sufuria ya kuchemshia yai, leo kwake mimi ni Mpendwa Bibi Tranter.

Barua ilisema kitabu kipya cha vipepeo vya kaunti kinakwenda kuchapwa kiwandani mwisho wa mwezi. Ilisema kamati imeamua kuziondoa rekodi zote zenye alama ya kuuliza, zile ambazo hazikuthibitishwa. Halafu ikataja moja: "W. Tranter, Mfalme wa Zambarau, mmoja, bustanini kwake, Julai 1983." Na chini, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaongeza: "Kazi hii naijua kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijawahi kumwona Mfalme aliye hai hata mmoja, hapa wala kwingine. Naamini utaelewa."

Sikuelewa. Nilizimwaga njegere sakafuni na sikuelewa.

Huyo W. Tranter ni Wilf, mume wangu, aliyekuwa akigawa barua Wexbury nzima kwa baiskeli, mvua isimzuie wala mbwa wa watu wasimtishe. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Hakuacha nyumba ya ghorofa wala medali. Aliacha madaftari ya hesabu ya vipepeo ya kila Jumamosi ya kiangazi, na ule mstari mmoja kwenye kitabu cha kaunti, mstari wenye alama ya kuuliza pembeni. Sasa hata huo Aubrey anataka kuufuta. Mtu amelala kaburini, bado anafuatwa kunyang'anywa.

Mfalme wa Zambarau ni kipepeo mkubwa, mweusi wa kahawia, ana mkanda mweupe mabawani. Anaishi juu kabisa ya mialoni, ambako shingo yako haifiki. Jua likimpiga kwa upande unaotakiwa, bawa moja linawaka zambarau, kisha akigeuka kidogo linazimika na linawaka la pili. Kuna watu wamemaliza ujana wao wakimtafuta msituni, na wamezeeka bila kumwona. Wilf alimwona nyuma ya banda letu la majembe, juu ya kinyesi cha mbwa wetu Bosun. Ndiyo, kinyesi. Huyo Mfalme na ukubwa wake wote hana habari na maua.

Siku hiyo walikuwa wawili kwenye benchi, Wilf na Aubrey, wanafanya hesabu ya robo saa. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga jamu, na jamu ukiipa kisogo inaungua. Nikasikia Wilf ananiita, si kwa kupiga kelele, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Enid. Enid, njoo." Nikazima jiko nikatoka na mwiko mkononi. Nilipofika, Mfalme ameshaondoka. Wilf amesimama, macho yana machozi, anacheka. Aubrey amekaa palepale kwenye benchi, kainamia karatasi yake anaandika.

Enzi hizo mweka rekodi wa kaunti alikuwa Meja Lathbury, Mungu amrehemu. Akamuuliza Aubrey, kwa sababu rekodi kubwa kama ile inataka shahidi. Aubrey, kijana wa miaka ishirini na sita, muuza bima, rafiki wa mume wangu, akajibu: "Mimi niliona jemadari mwekundu." Jemadari mwekundu ni kipepeo wa kawaida, yuko kila bustani. Naye ni mweusi, ila ana mistari myekundu ambayo hata mlevi anaiona. Basi ikawa Wilf Tranter, mgawa barua, kachanganya jemadari na Mfalme.

Mmeniona nimesema kwa utulivu? Subirini. Baa ya kijiji walimpokea kwa miaka: "Habari za ufalme, Wilf?" Akipeleka barua, watu wanamwinamia mlangoni. "Karibu, Mtukufu!" Yeye anacheka nao, anarudi nyumbani, anavua viatu, anakaa navyo mkononi. Hakutuma tena hesabu hata moja kwenye Chama. Hata moja! Alihesabu kila Jumamosi mpaka mwaka aliokufa, akaandika kwenye daftari lake, akafunga, akaweka kabatini.

Mimi nilimwambia mapema kabisa, "Wilf, niseme nilimwona? Nilitoka na mwiko, nani atajua?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia tukaibe kanisani. "Huandiki usichokiona, Enid."

"Na Aubrey je?"

"Aubrey alikuwa anatazama maua. Wote wanatazama maua. Hakuona."

Nami nikakubali. Miaka arobaini na moja nimemkaribisha yule mtu chai kwa sababu mume wangu alisema hakuona.

Sasa balaa la kalenda. Kila kiangazi Chama kinafanya hesabu kwenye bustani ya mwanachama mmoja, na zamu yangu ilipangwa tangu Januari, Jumamosi ile ile ya wiki ya barua. Nikatamani kufunga geti kwa kufuli. Beryl Hoskin, jirani yangu, ndiye aliyenizuia. Beryl ana miaka sabini na tisa na ulimi haujastaafu.

"Shoga, usimfungie," akasema. "Ukimfungia atajifanya yeye ndiye aliyekosewa. Mwache aje, umtolee uvivu hapa hapa mbele ya keki."

"Nitamrushia hiyo keki."

"Yangu ya limau usiiguse. Mrushie ya dukani."

Jumamosi ikafika, jua kali, upepo hakuna. Wakaja wanane na viti vyao vya kukunja na kofia zao, wakajipanga mbele ya mbudlia, ule mti wa maua marefu ya urujuani ambao vipepeo wanaugombania kama watoto na bomba la maji. Aubrey akaja wa mwisho. Kofia ya rangi ya maziwa, ubao wa kuandikia shingoni kwa kamba, na saa ya kupimia mayai, ndiyo anayopimia robo saa. Viatu vya ngozi vya kahawia vimeng'arishwa vinakuonyesha uso wako. Kwenye bustani!

Nikamngoja getini. "Bwana Pennock. Nimepata barua yako."

"Ah, Bibi Tranter. Jambo gumu hilo. Si mimi, ni kamati."

"Kamati ni nani?"

"Ni mimi, na mweka hazina…"

"Na mweka hazina ni nani?"

Akajikohoza. "Ni Gwendolen."

"Gwendolen mke wako."

"Alichaguliwa, Bibi Tranter. Kwa kura."

"Basi nisikilize wewe na kura zako. Ukitaka kumtoa Wilf kitabuni, mtoe huku unanitazama. Usinitumie karatasi."

Akatazama kofia yake, akatazama mbudlia, kila kitu isipokuwa mimi. "Kanuni ni kanuni. Hakuna picha, hakuna shahidi, hakuna rekodi. Ningefanya hivyo hivyo hata kwa ndugu yangu." Kisha akapita, akanigusa bega kwa vidole viwili. Mnajua kule kuguswa na mtu anayekuonea huruma asiyokuwa nayo? Damu ilinichemka mpaka masikio yakapiga kelele.

Akasimama mbele ya watu akaanza kuhutubia. Tuhesabu robo saa. Tuandike idadi kubwa kabisa tuliyoiona kwa mara moja, maana kipepeo mmoja anaweza kupita mara tano na mjinga akaandika watano. Tusikisie. Tukiwa na shaka tuache.

"Tunajua, Aubrey," Beryl akamkata. "Nilikuwa nahesabu vipepeo wewe bado unanyonya. Washa yai lako."

Watu wakacheka. Mimi nikachukua kiti changu nikaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi, Bibi Tranter?"

"Nyuma ya banda."

"Nyuma ya banda hakuna maua."

"Najua. Bustani ni yangu."

Nyuma ya banda kuna rundo la takataka za kuozesha, majani yanayowasha ambayo sijayafyeka kwa sababu viwavi wa kipepeo tausi wanayala, na ukuta, na nyuma ya ukuta mwaloni mkubwa, msitu unapoanzia. Benchi la zamani lilioza, lakini mahali pake ninapajua. Kila Jumamosi tangu Wilf afe nimekaa pale nikahesabu badala yake. Bramble, mbwa wangu, akanifuata, akazunguka mara tatu, akafanya haja yake katikati ya njia, akaenda kulala kivulini. Nikasema nitazoa nikimaliza. Robo saa si kitu.

Nikahesabu. Weupe wa kabichi wanne. Bawabu wawili, wale wa rangi ya chungwa wanaoshinda kwenye ua wa miiba. Tausi mmoja kwenye ukuta amefungua mabawa. Upande wa pili nikamsikia Beryl anabishana na mtu kama yule aliyepita ni koma au ni gamba la kobe, vipepeo wawili wanaofanana, na nikajisikia nafuu kidogo. Halafu nikasikia nyasi zinakanyagwa.

Alikuwa Aubrey. Ubao unaning'inia shingoni. "Bibi Tranter, nimeona nikwambie mapema usije ukajisumbua. Hesabu ya huku siwezi kuijumlisha. Kikundi lazima kikae mahali pa…"

"Simama hapo!"

"Samahani?"

"Usinyanyue mguu. Umekanyaga."

Akatazama chini. Kiatu cha kulia, kile kinachoonyesha uso, kilikuwa kimezama mpaka kwenye kamba. Akatamka neno ambalo halimo kwenye kanuni za Chama, akaanza kutafuta pa kufutia.

"Kwenye nyasi zangu usifute!" nikamwambia. "Kaa hapo hapo nikuletee ndoo. Na ujue naleta ndoo kwa ajili ya nyasi, si kwa ajili yako."

Akanyoosha mguu mbele, kisigino chini, vidole juu, kashika ukuta kwa mkono mmoja. Nikageuka kwenda bombani. Hapo ndipo kivuli kilipopita usoni kwangu.

Nilidhani ni ndege. Kilishuka kutoka mwalonini kwa kasi, kikazunguka banda mara moja, kikapita sikioni mwa Aubrey, kikarudi. Kikatua kwenye kiatu. Mabawa yakafungwa, nikaona duara moja kama jicho, na mkanda mweupe. Kisha yakafunguka. Bawa la kushoto likawaka zambarau.

Jamani, mimi sijui kueleza. Miaka thelathini na nane nilisimuliwa rangi ile na mume wangu kitandani, na nilidhani nilikuwa naijua. Akatoa ulimi wake, ulimi wa njano kabisa, akauzamisha kwenye kile kinyesi cha Bramble akaanza kunywa taratibu bila wasiwasi wowote.

"Enid," Aubrey akanong'ona. Bibi Tranter ameisha. "Enid, usitikisike. Unamwona?"

"Namwona."

"Simu yangu iko kwenye begi. Kule kitini. Unayo yako?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Nikaitoa polepole. Mguu wa Aubrey umekaa vile vile mbele yake kama wa mtu anayefungwa plasta, na uso wake, siwezi kumdhulumu, uso wake ulikuwa wa mtu mwenye furaha ya kweli. Akainama kidogo, akamtazama, akasema kwa sauti ya chini, ya kujisemea: "Mdogo kuliko yule."

Nikakishusha kidole kutoka kwenye simu.

Ninyi mnaohesabu vipepeo mnajua tabia yetu. Hatuwezi kumwona mmoja tusimpime na mwingine. Huyu mkubwa kuliko wa jana, huyu amefifia kuliko wa Agosti. Linatoka lenyewe kama kupiga chafya.

"Kuliko yupi, Aubrey?"

"Nini?"

"Umesema mdogo kuliko yule. Yule yupi?"

"Wa kwenye picha. Wa vitabuni."

"Wa vitabuni anachorwa saizi yoyote. Yule yupi?"

"Enid, tafadhali, piga picha kwanza, ataruka…"

"Umeniandikia kwa mkono wako kwamba hujawahi kumwona aliye hai hata mmoja, hapa wala kwingine. Barua ninayo, iko juu ya friji. Umemwona wapi yule mkubwa?"

Mfalme akageuka kidogo juu ya kiatu, bawa la kushoto likazimika, la kulia likawaka. Kule mbele saa ya mayai ikalia, na nikawasikia watu wanasogeza viti wakitaka chai.

"Nina kitambaa cha vyombo begani," nikamwambia. "Nikikikung'uta mara moja, huyu anarudi mwalonini. Picha hakuna, shahidi hakuna. Rekodi je?"

"Huwezi kufanya hivyo. Si wewe."

"Hunijui. Ulimwona wapi?"

Alifumba macho, mtu mzima wa miaka sitini na saba, mguu umenyooka hewani, jasho linateremka chini ya ile kofia. "Hapa," akasema. "Nilimwona hapa."

"Na Wilf."

"Na Wilf. Nilimwona kabla yake. Nilimwona akishuka."

Akaendelea, sasa maneno yakimtoka yenyewe.

"Nilikuwa nimekaa msituni viangazi vitatu, Enid. Vitatu. Nilikuwa nakwenda alfajiri kabla ya kazi, nalala juu ya majani natazama juu mpaka shingo inakufa ganzi. Halafu yeye anakuja kukaa kwenye benchi na chai yake, na Mfalme anamfuata mwenyewe kwenye kinyesi cha mbwa wake. Na aliponigeukia kunionyesha, alikuwa anacheka. Sikuweza. Nikaandika jemadari. Nilisema nitamwambia Meja kesho yake. Kesho yake ikawa wiki."

"Na wiki ikawa miaka arobaini na moja."

"Ndiyo."

"Na alipoinamiwa milangoni, ulikuwa wapi? Baa walipomwita Mtukufu, ulikuwa wapi? Nakwambia ulikuwa wapi, ulikuwa pale pale unakunywa!" Nilikuwa nanong'ona, kwa sababu ya kipepeo, na nawaambieni kumfokea mtu kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupasua kuni. "Ukakaa kwenye kiti cha Meja. Ukawa wewe ndiye unayesema nani kaona na nani hakuona. Ulikuja kwenye mazishi yake, Aubrey! Ulibeba jeneza!"

"Najua nilichobeba."

"Hujui lolote. Mimi nilikuwa tayari kuwaongopea watu kwa ajili yake, akanikataza. Akanikataza! Na wewe uliyekuwa na ukweli mfukoni ukamnyima."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Akasema polepole, "Yeye alisema nini juu yangu?"

"Alisema ulikuwa unatazama maua. Alisema hukuona. Mpaka anakata roho alikuwa anakutetea."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. Nikamwona, na sikumhurumia. Nisameheni, sikumhurumia.

Nikapiga picha. Nikapiga tatu, na ya tatu ilitoka vizuri, zambarau yote ipo, na kamba ya kiatu, na uchafu. Sikukikung'uta kile kitambaa. Kipepeo alikuwepo, na kilichokuwepo nyumba hii kinaandikwa. Kisha nikaita bila kupaza sauti. "Beryl. Njooni wote. Taratibu."

Wakaja kwa ncha za vidole, vikombe mikononi, wakatokea kwenye pembe ya banda mmoja mmoja. Gwendolen mweka hazina akashika mdomo. Beryl akatazama kiatu, akamtazama Aubrey, akanitazama mimi.

"Yesu wangu," akasema. "Wilf alikuwa mkweli."

"Mwambie, Aubrey," nikasema. "Waambie kile ulichoniambia."

Akawaambia. Nampa haki yake, hakupunguza. Alisimama na mguu mmoja mbele, Mfalme anakunywa juu yake, akasema mwaka, akasema benchi, akasema "niliandika uongo." Hakuna aliyegusa chai. Gwendolen akasema, "Aubrey, kwa nini hukuniambia?" naye akaendelea mpaka mwisho. Alipomaliza, Mfalme akakunja ulimi wake, akaruka juu ya vichwa vyetu, akapita ukuta na kupotea mwalonini. Wote tukatazama juu, hata mimi na hasira zangu.

Wakaanza kusemasema. Mmoja akasema basi kitabu kitakuwa na Wafalme wawili. Mwingine akasema wa leo ni wa kwanza mwenye picha. Gwendolen, maskini, akauliza wa leo aandikwe kwa jina la nani.

"La Aubrey," nikasema. "Kiatu ni chake. Andikeni wa pili."

Nikaingia ndani. Kabatini madaftari yamepangwa kwa miaka, nikatoa la 1983. Nilikuwa nimelifungua mara nyingi, lakini siku ile nililisoma kwa macho mengine. Wilf alikuwa mtu wa utaratibu. Kila ukurasa tarehe, hali ya hewa, idadi, na mwishoni sehemu ya shahidi. Alipokuwa peke yake alipiga mstari, alipokuwa na mtu aliandika jina. Hakuna ukurasa uliorukwa. Ila tarehe kumi na sita Julai ameandika "Mfalme wa Zambarau, mmoja, dume, 10.40 asubuhi," na penye shahidi hakupiga mstari wala hakuandika jina. Ameacha wazi. Miaka yote nilidhani alisahau kwa furaha. Wilf hakuwa mtu wa kusahau.

Nikatoka nalo. Aubrey alikuwa amekaa kwenye kiti changu nyuma ya banda, kiatu mkononi, soksi kwenye nyasi. Wengine walikuwa wamemwacha peke yake. Nikamwekea daftari magotini nikamwonyesha pale pawazi, na nikampa kalamu.

Akapitisha kidole pale pawazi. "Alijua kwamba niliona," akasema.

"Andika."

Akaandika A. Pennock. Herufi zikaenda mrama.

"Isomeke," nikamwambia. "Kiwandani watahitaji kuisoma."

Akairudia chini yake, vizuri zaidi. Kisha akainua uso, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Wilf alipoacha kutuma hesabu zake akaniita jina lile. "Shemeji," akasema. "Utanisamehe?"

"Tarehe," nikasema. "Hujaandika tarehe uliyotia sahihi. Andika ya leo, wajue ulichelewa kiasi gani."